Nimeikuta CD ya Lhasa de Sela, "La Llorona" (1997), ndani ya deki ya mteja. Wapenzi wa muziki karibuni tuijadili

FundiDeki

Wakuu, habari za usiku. Naandika nikiwa bado dukani, saa nne imeshapita, majirani wote wamefunga, na mimi nimeshindwa kuondoka kwa sababu ya albamu moja. Ngoja nisimulie tangu mwanzo. Mwenye kuijua aongeze, asiyeijua aitafute.

Mimi ni fundi wa redio na spika hapa Arusha. Jumanne mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, aliniletea deki ya CD ya mtumba, ya zile zinazoshuka na makontena kutoka Ulaya. Shida yake ilikuwa trei haifunguki: ukibonyeza unasikia mota inalia tu. Hilo kila fundi analijua, mkanda wa raba unaovuta trei umelegea. Nikafungua kifuniko, nikaisukuma gia kwa bisibisi, trei ikatoka, na juu yake imelala CD. Mama hakuwa na habari nayo. Aliyemuuzia hakuwa na habari nayo. Imevuka bahari mle ndani, haina kasha wala karatasi, imeandikwa tu Lhasa, na La Llorona.

Nikabadilisha mkanda, nikasafisha lenzi kwa pamba na spiriti, nikairudisha CD ileile ili nijaribie. Kitu cha kwanza kutoka kwenye spika kilikuwa mchakacho, kama mvua ya kwanza juu ya bati. Nikasema lenzi bado chafu. Nikazima, nikafungua, nikasafisha tena. Nikawasha, mchakacho uleule. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye swichi kwa mara ya tatu ndipo vyombo vikaingia, na nyuma yake sauti ya mwanamke. Kumbe mchakacho ni wa wimbo wenyewe, na deki ilikuwa imeshapona tangu mara ya kwanza.

Sauti yenyewe nitaielezaje? Ya chini, nzito, ina mikwaruzo kidogo pembeni, haina haraka na mtu. Unaisikia pumzi yake kabla ya kila mstari. Kihispania sikijui, sikuelewa hata neno moja, lakini nilijua nasikia mtu anayelia, na kwamba huyu mtu haombi kuhurumiwa. Niliweka bisibisi chini. Nimeisikiliza usiku tatu sasa, nyimbo zote 11, kwa mpangilio wake, bila kuruka hata mmoja.

Nilichokipata kuhusu yeye mpaka sasa: jina kamili Lhasa de Sela, alizaliwa 27 Septemba 1972 huko Big Indian, jimbo la New York. Baba Mmeksiko, mama Mmarekani. Utoto wake familia ilikaa ndani ya basi la shule lililogeuzwa nyumba, wakizunguka Marekani na Meksiko, hakuna televisheni, na jioni watoto wanaimba na kuigiza mbele ya wazazi. Akiwa na miaka 13 alikuwa anaimba kwenye mkahawa wa Kigiriki San Francisco. Akiwa na miaka 19 akaenda Montreal, Kanada, walikokuwa dada zake wakisomea sarakasi. Huko akakutana na mpiga gitaa Yves Desrosiers, wakawa wanapiga kwenye baa, na mwaka 1997 ikatoka albamu hii, yote kwa Kihispania, katika mji ambao watu wake wengi wanaongea Kifaransa.

Hapo ndipo ninapotaka tuzungumze. Nani mwingine ameisikia?

DoktaWaZamani

Fundi, umenirudisha mbali sana. Mimi nilisoma udaktari Kuba miaka sita, kwa hiyo Kihispania nakiishi mpaka leo. Albamu hii niliipata baadaye, nikiwa nimeshaanza kazi, kwa mwenzangu tuliyesoma naye.

Kwanza matamshi. Herufi mbili za L zikikaa pamoja zinasomwa kama Y yetu, kwa hiyo sema "La Yorona". Maana yake mwanamke mwenye kulia, mliaji. Huko Meksiko kila mtoto anaijua hadithi yake: mwanamke aliyewazamisha wanawe mtoni, akafa, na roho yake haitulii. Usiku inatembea kando ya maji ikilia na kuwatafuta wanawe. Wazazi wanaitumia kuwazuia watoto wasikae mtoni jioni, kama sisi tulivyozuiwa.

Ila hadithi ina tabaka la chini zaidi. Watu wa Meksiko ya kale walimwambia padri Sahagún, naye akaandika karne ya 16, kwamba kabla Wahispania hawajafika kulikuwa na dalili kadhaa za balaa, na mojawapo ilikuwa sauti ya mwanamke akilia usiku, akiwauliza wanawe atawapeleka wapi. Kwa hiyo mliaji huyu ni mama wa nyumba moja, na pia ni mama wa taifa zima linalokaribia kuanguka. Ukiijua habari hiyo, wimbo wa kwanza unakaa mahali pake. Unaitwa "De cara a la pared", yaani uso ukutani. Mtu amegeukia ukuta, analia, na mji unazimika. Ubeti unaofuata anaota, na mji unaungua. Kisha anasali, na mji unazama. Maneno machache mno, na mji mzima umekwisha.

FundiDeki

Dokta, nimesisimka. Nilihisi tu kuna kitu kinarudiwa na kinazidi uzito kila kinaporudi, sikujua kumbe ni mji.

BintiTanga

Shikamooni wakubwa zangu. Nimeitafuta baada ya kusoma uzi, ndiyo nimemaliza kusikiliza sasa hivi kwa spika za masikioni.

Mimi nimekulia kwenye taarabu, bibi yangu alikuwa hakosi onyesho. Nilichokisikia kwanza ni fidla na kodiani. Masikio yangu yamezoea vyombo hivyo viwili vikikaa pamoja na mwimbaji mwanamke ambaye hapandishi sauti ovyo, anayejua kulikalia neno mpaka limwingie mtu. Kwetu Bi Kidude alikuwa hivyo: sauti imekwaruzika na hakuna aliyetamani isafishwe. Huyu Lhasa alikuwa na miaka ishirini na kitu tu wakati anarekodi, lakini koo lake limekaa kama la mtu wa makamo.

Swali langu kwa Dokta: wimbo wa nane, "Desdeñosa", unahusu nini? Nimehisi ni fumbo la mtu na mtu.

DoktaWaZamani

Marahaba binti. Desdeñosa ni mwanamke mwenye dharau, anayempita mpenzi wake kama hamwoni. Ni wimbo wa zamani wa upande wa Yucatán, kusini mashariki mwa Meksiko, kule wana utamaduni wao wa mashairi ya mapenzi na gitaa. Hukukosea kabisa, bibi yako angeuelewa bila mkalimani.

MsemaWazi

Nina hoja na naomba mnisikilize kwa heshima. Muziki wetu wenyewe hatuusikilizi, santuri za wazee zinaoza kwenye maghala, halafu tunakesha na mwimbaji wa Kanada kwa lugha tusiyoijua. Mtu ananiambia ameguswa na wimbo ambao hajui hata unasema nini. Ameguswa na nini hasa? Si kwamba nabeza, nauliza kweli.

MzeeWaMoro

MsemaWazi, swali lako ni zuri na mimi nitalijibu kwa upande wa Morogoro.

Salum Abdallah bendi yake ya kwanza aliiita La Paloma, neno la Kihispania, maana yake njiwa. Baadaye ikawa Cuban Marimba. Umeshajiuliza kwa nini vijana wa Morogoro, miaka ya mwisho ya 1940 na mwanzo wa 1950, waitane kwa Kihispania? Ni kwa sababu ya santuri za GV. Zilikuwa na nyimbo za Kuba, ziliuzwa pwani yote na Kongo yote, na wazee wetu walizikalia mpaka zikachakaa. Hawakuelewa maneno. Waliichukua mipigo na mwendo wa gitaa, wakaweka Kiswahili chao juu yake, na huo ndio muziki wa dansi ambao leo unaulilia kwamba unaoza kwenye maghala. Salum alifariki mwaka 1965 na nyimbo zake bado tunaziimba kwenye harusi.

Kwa hiyo kijana akiguswa na wimbo wa Kihispania ndani ya duka la ufundi Arusha, kwangu mimi hilo ni jambo la kwetu kabisa. Baba yangu alianza hivyohivyo.

MsemaWazi

Mzee shikamoo. Hilo la La Paloma sikulijua. Nimelipokea. Naenda kuisikiliza kwanza kabla ya kusema tena.

FundiDeki

Mzee nashukuru, umesema kile ambacho nisingeweza.

Naomba niendelee na nyimbo zenyewe. Sitazipitia zote, baadhi zinapita vizuri na sina la kuongeza. "La Celestina", "Por eso me quedo" na "Mi vanidad" nazipenda ila bado hazijanifungukia. Tatu ndizo zilizonikalisha.

Ya kwanza ni "El desierto". Dokta alinitafsiria faraghani, na mwanzo wake ni kwamba amekuja jangwani ili aucheke upendo wa mtu, kwa sababu jangwa ni laini kuliko upendo ule, na mwiba unabusu vizuri zaidi. Nilipoijua maana yake nilirudi kuusikiliza upya na nikaona kwamba wala sikuwa nimeuelewa vibaya. Ukali ulikuwa tayari kwenye sauti. Gitaa linaanza kama mtu anayetembea kwa hasira, mwimbaji anaingia ametulia, halafu kadiri anavyokwenda ndivyo anavyoongeza moto, na kule mwisho anasema roho huwaka moto inapoacha kupenda. Nimezoea nyimbo za kuachwa ambazo mtu analia arudiwe. Huyu amekwenda mwenyewe mahali pasipo na mtu ili alie kwa uhuru, na akimaliza hahitaji kurudiwa.

Kama fundi naomba niseme na hili. Albamu hii haina kelele za kujaza nafasi. Kila chombo kina mahali pake: besi ile kubwa ya mbao unaisikia mpaka tumbo lake, kuna gitaa la kutelezesha chuma juu ya nyuzi ambalo linaomboleza nyuma yake kwa mbali, na ngoma zimewekwa chini kabisa. Nimeipiga kwenye spika za elfu thelathini na kwenye zile kubwa za mteja wa baa, na kote sauti ya Lhasa inabaki katikati, karibu, kama amekaa upande wa pili wa kaunta. Desrosiers alijua anachofanya.

DoktaWaZamani

Kwenye "El desierto" kuna jambo dogo la lugha ambalo nalipenda. Hasemi "para", yaani ili, kama vitabuni. Anakata, "pa'". Hivyo ndivyo wanavyoongea watu wa kawaida, sokoni na shambani, na ndivyo zilivyo nyimbo za ranchera za Meksiko. Huyu ni mtoto aliyeongea Kiingereza na mama yake, na alipoamua kuimba machungu yake alikichukua Kihispania cha baba, tena kile cha watu wa chini. Wakati huo anaimbia walevi wa Montreal ambao wengi wao hawaelewi neno. Mimi naona alipata uhuru humo. Aliweza kusema lolote.

Waimbaji aliowapenda pia wanasikika. Chavela Vargas, yule bibi wa ranchera, yumo mle ndani. Billie Holiday, mwimbaji wa jazi wa Marekani, naye yumo, kwa namna Lhasa anavyochelewa kidogo nyuma ya mdundo.

KijanaWaBagamoyo

Mimi nataka kusema kuhusu wimbo wa tano, "El payande", maana nimetafuta maneno yake na nimekaa kimya muda mrefu.

Ni shairi la Mkolombia Vicente Holguín, la karne ya 19. Anayesimulia anasema alizaliwa kwenye kingo za mto Magdalena, chini ya kivuli cha mti wa payandé, na kwa kuwa mama yake alikuwa mtumwa mweusi, naye alizaliwa na alama hiyohiyo. Akitafuta kivuli cha mti jua linapomchoma, mjeledi unampitia mgongoni kumkumbusha yeye ni nani. Kolombia ilifuta utumwa kwa sheria ya mwaka 1851. Wimbo ulibaki, ukapita nchi hadi nchi, ukamfikia huyu binti wa ndani ya basi.

Nyumbani kwetu Bagamoyo watu wanapita Caravan Serai, lile jengo la zamani la misafara ya pembe na watumwa, kila siku wakienda sokoni. Wageni wanapiga picha, sisi tunapita tu. Nimesikia wimbo kuhusu mama mtumwa, wa mto ambao sijawahi kuuona, kwa lugha ya waliomfunga, na kwa mara ya kwanza nimelifikiria lile jengo kwa upande wa mtoto: mtoto anayezaliwa akikuta mama yake tayari ana pingu. Darasani tulifundishwa njia za misafara na idadi. Hili la mtoto sikulisikia.

BintiTanga

Kaka, nimelia. Na ukiangalia alivyoupanga, baada ya huo wa tano tu unakuja "Los peces", wimbo wa Krismasi wa Kihispania ambao samaki mtoni wanakunywa na kunywa maji kwa furaha ya kuzaliwa Mungu. Kutoka mtoto anayezaliwa na alama ya utumwa, moja kwa moja hadi mtoto mwingine anayezaliwa na samaki wanasherehekea. Sidhani kama ni bahati tu.

FundiDeki

Hilo sikuwa nimeliona. Nimeupita "Los peces" mara tatu nikidhani ni wa kupumzikia.

JiraniMontreal

Salamu kutoka Montreal. Mimi ni Mrundi, niko huku tangu 2008, na Kiswahili nilikitoa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi. Sikutegemea kukuta jina hili kwenye uzi wa Kiswahili, kwa hiyo niongeze ya huku.

Baada ya La Llorona, ambayo mwaka 1998 ilipewa tuzo ya Juno, ile tuzo ya muziki ya Kanada, Lhasa alizunguka sana na maonyesho halafu akaacha. Kabisa. Akaenda Ufaransa kujiunga na dada zake kwenye sarakasi. Mtu ana albamu iliyomfungulia milango yote, yeye anaenda kuimba hemani. Akaja kukaa Marseille, akaandika nyimbo mpya, na mwaka 2003 ikatoka "The Living Road", humo Kihispania, Kifaransa na Kiingereza vyote vitatu. Ya tatu, yenye jina lake tu, ilitoka 2009, yote Kiingereza. Kwa ukweli wangu naona The Living Road ndiyo kubwa kuliko zote. La Llorona ni ya binti aliyefunikwa na vazi la mliaji. Kwenye ile ya pili amevua vazi, anaongea mwenyewe.

Alifariki nyumbani kwake huku Montreal tarehe 1 Januari 2010, kwa saratani ya titi, akiwa na miaka 37. Siku zile nilikuwa nafanya kazi ya usiku. Theluji ilianguka bila kukoma, na taarifa ya familia ilisema tangu Lhasa alipoondoka theluji imeanguka Montreal kwa zaidi ya saa 40. Nakumbuka kuisukuma ile theluji mlangoni kwa koleo kabla sijajua ni msiba wa nani. Kwenye kitongoji cha Mile End sasa kuna bustani ndogo yenye jina lake, tangu 2014. Napita pale na watoto.

FundiDeki

Poleni. Wakuu nilikuwa sijafika huko kwenye kusoma. Nilikuwa nasikiliza usiku tatu nikidhani yuko hai mahali.

SistaWadi7

Mimi ni muuguzi, nimesoma uzi wote kimya. Dada yangu aliondoka kwa ugonjwa huohuo, naye hakufika arobaini. Sitaandika mengi. Jirani, kuna wimbo kwenye hiyo The Living Road niliutumiwa na rafiki kipindi cha msiba, unamalizia albamu, "Soon This Space Will Be Too Small". Lhasa alipokuwa anauzungumzia jukwaani alisimulia jambo aliloambiwa na baba yake: mtoto tumboni kwanza anajiona yuko mahali papana pasipo mwisho, kisha anakua, panabana, mpaka anadhani ndiyo mwisho wake umefika. Kumbe anazaliwa. Niliusikiliza kwenye daladala nikitoka zamu, na nikashuka kituo kisicho changu.

JiraniMontreal

Sista, pole sana. Ndiyo wimbo wenyewe.

MsemaWazi

Nimerudi. Nimesikiliza mara mbili kama nilivyoahidi, mara ya kwanza bila kusoma maana, mara ya pili na maelezo ya Dokta pembeni.

Niseme kwa haki. Mara ya kwanza, nyimbo tatu za mwanzo zilinishika na katikati nikapotea. Mara ya pili sikupotea. Kwa hiyo bado nashikilia kwamba maneno yana kazi yake, huwezi kuyaweka kando ukasema sauti inatosha. "El payande" bila maana ni wimbo mzuri wa polepole. Pamoja na maana yake ni kitu kingine kabisa. Ila Mzee wa Moro nimekuelewa: kama fundi asingeshikwa na sauti kwanza, hakuna ambaye angeyatafuta maneno.

Fundi, ulisema nyimbo tatu zimekukalisha. Umetaja moja, kijana akachukua ya pili. Ya tatu ni ipi?

FundiDeki

Ni ule wa mwisho, MsemaWazi. "El árbol del olvido", mti wa kusahau. Shairi la Fernán Silva Valdés wa Urugwai, na wimbo wake maarufu aliutunga Alberto Ginastera wa Ajentina.

Anasema kwao kuna mti unaitwa mti wa kusahau, watu walioumia rohoni huenda kulala chini yake ili waponywe. Naye akaenda usiku mmoja, akalala chini ya mti asikukumbuke tena. Akapitiwa na usingizi. Alipoamka akakukumbuka vilevile, kwa sababu pale alipojilaza tu, alisahau kukusahau.

Dokta aliponiandikia hayo maneno mawili, kusahau kukusahau, nilikuwa nachomea risasi kwenye bodi ya redio. Ilibidi niweke chuma pembeni. Lhasa anaimba huo wimbo taratibu mno, hakuna tena hasira ya jangwani, hakuna mji unaoungua. Amelia nyimbo kumi, na kwenye ya kumi na moja amekubali kwamba mti haukufanya kazi. Ndiyo maana nasema msiruke. Ukiusikiliza peke yake ni wimbo mtamu wa kulala. Ukiufikia baada ya kumi zilizotangulia, unajua ametoka wapi.

BintiTanga

Na deki je? Mama ameshaichukua?

FundiDeki

Amekuja leo saa tisa. Nilikuwa nimeshajiandaa kumwomba aniuzie CD, hata bei nilikuwa nayo kichwani. Nikamwekea asikie kazi ilivyofanyika. Ule mchakacho ukaanza, mama akanitazama: "Fundi, mbona bado inakwaruza?" Nikamwomba avumilie kidogo, nikamsogezea kigoda.

Hakusimama mpaka wimbo wa tatu ulipoisha. Akaniuliza huyu dada analilia nini. Nikamwambia nilichokijua, la mto, la watoto, la jangwa. Akanyamaza. Halafu akafungua pochi akalipa pesa ya ufundi, akasema CD siuzi, ila wewe kama una namna ya kunakili basi nakili kabla sijaibeba.

Nimenakili. Ameondoka nayo ikiwa ndani ya trei, kama ilivyokuja.